Maiki ya nyatiti nayo ilindwe
Kwenye matamasha ya Migori na Homa Bay, mafundi wa sauti huhangaikia maiki ya mwimbaji, ilhali iliyo hatarini zaidi ni ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Mpigaji huketi chini, kidole gumba cha mguu kikiwa na oduong'o, pete ya chuma inayogonga mti wa ala, na njuga ziitwazo gara zikilia mguuni. Maiki ikisogezwa hapo hukwaruzwa, hata kuangushwa. Iwekwe mbali na mguu huo, kwenye stendi fupi na nzito, ielekee ngozi ya ala, waya ubandikwe sakafuni. Kifuniko cha sponji huzuia upepo wa ziwani, chuma hakikizuii. Waandaaji, tafadhali, mpeni fundi nafasi ya kupanga haya kabla uwanja haujajaa.