Elimu si Samaki wa Mnadani

Wako wenzetu, na baadhi yao ni watu wa kisomo na heshima zao, wanaoshikilia kwamba dawa ya skuli za serikali ni kuzitia sokoni. Waachiwe watu binafsi, wasema, zishindane; iliyo njema itapata wateja, mbovu itajifunga yenyewe. Maneno matamu. Lakini mimi ni mtu wa Msambweni, na mnada naujua. Samaki akipandishwa pwani, mnunuzi humfunua mashavu akamtazama. Akiwa ameoza humwacha, kesho akanunua mwengine. Mtoto hana kesho ya namna hiyo. Darasa la tatu likimwendea ovyo, mzazi hujua baada ya miaka, na halinunuliwi mara ya pili.

Tena soko lataka mtu awe na pa kuchagua. Ukunda na Diani mabasi ya skuli za kulipia yapishana asubuhi, kwa kuwa ipo mishahara ya mahoteli. Panda Kinango, ufike Ndavaya, kisha uniambie mzazi wa huko achague baina ya skuli ipi na ipi. Mwenye kutafuta faida hafuati ukame. Na hata huku chini, mwaka 2020 korona ilipofunga mahoteli, skuli kadha za kulipia nchini zikafungwa zisifunguliwe tena, watoto walipokewa wapi? Kwenye zile zile za serikali tunazozitukana.

Msomaji ataniuliza: kwani chuo ulichosoma kilikuwa bure? La. Tulipeleka senti kila Alhamisi. Asiye na senti alipeleka nazi au mzigo wa kuni, na asiye na kitu alikaa mkekani papo hapo pamoja nasi. Maalim alikula jasho lake, ila juzuu hakuitia bei. Basi sigombi na malipo. Nagomba na mlango unaofungwa kwa asiyenacho.

Ada za msingi zilifutwa Januari 2003. Watafiti Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na Justin Sandefur walipochungua hesabu za miaka iliyofuata, waliona skuli za kulipia ndizo zilizokua kwa kasi: wenye uwezo waliwahamisha watoto wao. Hapo ndipo penye jeraha. Aliyeondoka ni yule mzazi ambaye angesimama mkutanoni akauliza vitabu vi wapi.

Chile waliijaribu njia hii tangu 1981, fedha za serikali zikimfuata mwanafunzi hata kwa watu binafsi. Mwishowe skuli ndizo zilizochagua watoto. Vijana wakajaa barabarani mwaka 2011, na sheria ya 2015 ikakataza faida na kuchagua watoto kwa skuli zinazolishwa na umma.

Kwetu hakuna sheria ya kuuza skuli, wala haihitajiki. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kuwa serikali haimudu tena kulipa kikamilifu zile shilingi 22,244 za kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Pengo hilo hujazwa na mzazi: za mlinzi, za mitihani, za chakula. Akichoka huambiwa, si afadhali ya kulipia?

Kwa hivyo mbunge akija na hundi za basari, makofi yasubiri. Kwanza atujibu: fedha za skuli yetu za muhula huu zimefika ngapi, na zimefika lini?