Jumapili Usipokuja, Nani Atajua?

Wasee, nianze na ile mtakayoniuliza: ndiyo, niliacha chuo, na ndiyo, bado naenda kanisa. Sasa tuongee.

Nikiwa Nairobi nilikuwa naabudu kwa kanisa moja kubwa, jina nawaachia. Muziki moto, skrini kubwa kuliko nyumba yetu. Miaka miwili nilikaa upande ule ule. Karo iliponishinda nikafunga begi, nikarudi Sori. Unajua nani alinitafuta? Hakuna. Meseji moja tu iliingia, ya kunikumbusha ahadi yangu ya ujenzi. Manze, mtu amekosa karo na bado anadaiwa ukuta!

Jumapili ya kwanza huku nikaingia kanisa la mabati karibu na ufuo. Hatukufika watu hamsini. Nikakaa nyuma nikijificha. Kabla ibada iishe, mama mmoja anayeuza omena alikuwa ameshaniuliza mimi ni wa boma gani na mbona nimekonda. Jumapili iliyofuata sikwenda. Jioni nikamwona mlangoni na omena ndani ya gazeti. Akasema, "Mwanangu, leo hatujakuona." Hakuuliza kuhusu chuo. Nililia akishaondoka.

Ndio maana nakasirika nikisikia vijana wenzangu wakisema tuachane na vikanisa hivi, tujenge ukumbi mmoja mkubwa tufanane na Nairobi. Kufanana na nini haswa? Taa?

Najua mtanijibu: kanisa dogo lina umbea. Kweli kabisa. Mimi mwenyewe nimesemwa hapa hadi nikachoka. Tena mara nyingi pasta ndiye mwenyekiti, ndiye mweka hazina, na kikapu cha sadaka kinalala kwake. Kanisa kubwa linaweza kuajiri mhasibu, kujenga shule, kulipa mshauri wa vijana. Hapo nawapa haki yenu.

Na udogo peke yake haumwokoi mtu. Shakahola tuliiona 2023. Watu walimfuata mhubiri mmoja hadi msituni Kilifi, wakajulikana kwa majina, lakini hakukuwa na wa kumwambia mhubiri "hapana". Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kujuana bila kuulizana maswali ni hatari.

Lakini angalieni, hata wakubwa wenyewe wanajua ukubwa una shida. Nairobi Chapel mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limebaki na watu 20 hivi. Likakua hadi likajaa, na 2005 likajigawa kuwa makanisa matano. Wangeweza kutafuta ukumbi mkubwa zaidi tu. Wakatoliki nao, kanisa kubwa kuliko yote, maaskofu wao wa Afrika Mashariki waliamua 1973 kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Ndio maana jirani yako Mkatoliki akifiwa, jumuiya inafika kabla ya padri.

Kwa hivyo sipigani na idadi. Kanisa likiwa na watu elfu tano na kila mmoja ana kikundi cha nyumbani kinachojua amelala njaa, mimi niko ndani. Shida yangu ni sisi kuiga kile kinachoonekana kwa video na kuacha kile kinachobeba watu. Huku kwetu mvuvi akichelewa ziwani, watu wa ufuoni wanaanza kuulizana kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu wanajua boti gani zilitoka na nani alikuwa ndani. Kanisa lisiloweza kufanya hivyo linafanya nini Karungu?

Tukitaka kusaidia, kazi iko. Wewe uliyesoma uhasibu, jitolee ukague daftari la sadaka. Wewe unayejua kupiga gitaa, njoo na gitaa. Sisi wenye simu tuandike majina ya vijana waliopotea, tuwapigie mmoja mmoja. Hiyo haihitaji ukumbi.

Jumapili hii, popote ulipo, jiulize mambo mawili. Nisipokuja, nani atajua? Na sadaka inahesabiwa na nani, mbele ya nani? Kama huna jibu hata moja, ndugu yangu, wewe unahudhuria tamasha. Tofauti ni kwamba kwa tamasha, tiketi unalipa mara moja.