Chatu Mdogo Amegoma Kula? Usimlazimishe, Mtoe Nyumbani



Msimu huu wa baridi nimeulizwa swali lilelile mara kadhaa hapa Pasua: "Afisa, nina chatu mdogo kwenye boksi, hali chochote. Nimpe nini?" Mmoja amemwokota kwenye mpunga huko Mabogini, akamweka stoo amalize panya. Mwingine amemweka dukani, watoto walipie kumwona. Wote wanataka dawa ya hamu ya kula. Dawa hiyo hakuna. Kinachomfanya asile ni hilo boksi.

Kwa nini hali

Nyoka hajitengenezei joto kama ng'ombe au kuku. Analipata juani na ardhini. Mwili ukipoa, tumbo halisagi chakula, kwa hiyo anaacha kula. Sasa fikiria mwezi wa 6 na wa 7 hapa Moshi, boksi likiwa juu ya sakafu ya saruji. Tena akikaribia kujivua gamba, macho huwa na ukungu wa buluu, na siku hizo hali. Halafu kuna hofu. Chatu mdogo ni chakula cha kipanga, nguchiro na kenge, hivyo anaishi kwa kujificha. Wewe unamtoa mara kumi kwa siku watu wampige picha, kisha unashangaa hana hamu!

Na mnampa nini? Maziwa, ugali, vipande vya maini. Chatu humeza mnyama mzima, na kwenye midomo ana vishimo vinavyohisi joto la panya hata gizani. Nyama ya baridi haimwambii kitu. Habari ya nyoka kunywa maziwa ni ya vijiweni; anachohitaji ni maji.

Acheni kumbanua mdomo

Kuna ushauri unazunguka mtaani: mbanue mdomo kwa kijiti, sukuma nyama. Huo ni ukatili, na hausaidii. Meno yake ni membamba, yanavunjika. Fizi zikichanika, mdomo unaoza. Tundu la pumzi liko chini palepale mdomoni, ukikosea chakula kinampalia. Na nyoka mwenye afya hukaa wiki kadhaa bila kula asidhurike, kwa hiyo haraka hiyo ni yako, si yake. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari wa mifugo anayewajua nyoka, tena njia nyingine zikishindikana.

Lingine ni la uhai wako. Una uhakika ni chatu? Kifutu mdogo naye ni mnene, ana mabaka, hana haraka, na watu huwachanganya. Kifutu ana sumu tangu siku anayozaliwa. Mtu akiumwa, msimchanje, msinyonye jeraha, msimfunge kamba. Atulie, mkono au mguu usitikiswe, awahishwe Mawenzi au KCMC.

"Lakini panya wanatumaliza"

Ni kweli wanatumaliza. Ila chatu mdogo, hata akiwa na hamu nzuri, hula kama panya mmoja kwa wiki. Aliye kwenye boksi hali hata huyo mmoja. Aliyebaki kwenye tuta la mpunga anawinda usiku, hakudai mshahara. Mmemtoa kazini mkamfunga stoo, kisha mnalalamika panya wameongezeka. Panya wa stoo wanazuiwa hivi: magunia juu ya chaga na mbali na ukuta, matundu yazibwe, mabaki yafagiliwe, miguu ya kihenge ivalishwe bati, na paka awepo. Na huyo chatu akikua? Mkubwa anameza mbuzi. Utamlisha wa nani?

Wapo wanaoniambia Meserani, upande wa Arusha, mbona nyoka wanafugwa? Pale ni bustani ya nyoka, wapo watu wanaojua kazi hiyo. Wewe una boksi la sabuni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kukaa na mnyamapori bila kibali, na "nilimwokota tu" si kibali.

Fanya hivi leo

1. Usimpe chakula. Nyoka aliyeshtuliwa au kuhamishwa akila, mara nyingi anatapika.
2. Mwache kwenye boksi lenye matundu na kifuniko kilichokazwa, mahali pakavu pasipo baridi wala jua kali. Weka maji kwenye kisahani kizito.
3. Usimshike, na watoto wakae mbali.
4. Mwone mwenyekiti wa mtaa, awasiliane na afisa wanyamapori au TAWA waje wamchukue. Usiende kumwachia mwenyewe karibu na mabanda ya kuku ya jirani.
5. Ukimkuta mwingine shambani, mpishe aende zake.

Najua wengine mnaogopa kutoa taarifa. Kukutwa naye ndani baada ya miezi mitatu, tena amekonda, ni kubaya zaidi.

Mwenye swali la panya na stoo aje ofisi ya kata, tutakaa tupange. Mwenye swali la nini cha kumlisha chatu, nimeshamjibu.