Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii huwafunza wanafunzi wasidanganywe na sura ya nje. Mimi naiona pia kuwa somo la uraia: ukitaka kujua jinsi watu walivyotawaliwa, ingia nyumbani kwa mtawala, utazame nani alipita wapi.

Majumba ya kale ya mabwana wa Uingereza, yale ya mashambani, yanalionyesha jambo hilo waziwazi. Mengi yalikuwa na ngazi pana kwa wenyeji na wageni, na ngazi nyembamba ya nyuma kwa watumishi, ili aliyebeba kuni asionekane na anayeota moto. Leo mengi yako wazi kwa umma, na mgeni huoneshwa ngazi zote mbili.

Nasi tunalo la kwetu: makumbusho ya Rukari, Nyanza. Hapo zipo nyumba za namna mbili. Ya kwanza ni ya msonge, kubwa, iliyoezekwa kwa nyasi, imejengwa upya kwa mfano wa kasri la kale. Nyuma yake vimo vibanda viwili: cha maziwa, kilichotunzwa na msichana asiyeolewa, na cha pombe, kilichotunzwa na kijana asiyeoa. Kila kazi ilikuwa na paa lake na mtu wake. Ya pili ni ya mtindo wa Kizungu, aliyojengewa Mwami Mutara III Rudahigwa mwaka 1932.

Zingatia mwaka huo. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani baba yake, Yuhi V Musinga, wakamtawaza mwana. Baba alihamishiwa wapi? Kamembe, hapa kwetu Rusizi. Mwaka 1940 akapelekwa Kongo, akafia huko mwaka 1944. Basi huwezi kuielewa nyumba ile mpya ya Nyanza bila kuukumbuka uhamisho wa Kamembe. Aliyempa mwana kiti ndiye aliyemfukuza baba.

Wapo wanaouliza: kwa nini fedha za umma zitunze makasri, ilhali madarasa bado yanahitajika? Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuitunza nyumba si kumsifu mwenye nyumba. Raia anayeingia leo mahali ambapo babu yake angesubiri uani anajifunza kwa miguu yake tofauti kati ya mtwana na raia. Somo hilo halipatikani ubaoni peke yake.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu wa Rusizi, usingoje basi la kwenda Nyanza. Anzia Kamembe. Waambie wanafunzi wanaopita sokoni kila siku kwamba mwami aliyevuliwa ufalme aliishi uhamishoni katika mji huu, kisha waulize ni nani aliyeamua, na kwa haki gani. Siku watakapofika Rukari, watajua la kutazama.