Fedha za Shule Ziwafuate Watoto

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilitoa habari nzito ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mkoa wa Pwani, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668, ulikutwa na watu 2,024,947. Kwa muda wa miaka 10 tu, mkoa huo umekaribia kuwa na watu maradufu. Ongezeko hilo halikuletwa na uzazi peke yake. Wafanyakazi waliokosa viwanja vya bei nafuu Dar es Salaam wamevuka mpaka na kujenga Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo. Viwanda navyo vimewavuta vijana kutoka kila pembe ya nchi.

Kwa hiyo, mahali ambapo zamani jina la kijiji lilitosha kueleza kabila la wakazi wake, leo Wazaramo, Wakwere na Wandengereko wanaishi pamoja na Wachaga, Wahaya, Wasukuma, Wamakonde na wafugaji waliohamia na mifugo yao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa wageni wamekuja na watoto wao, na shule imebaki na vyumba vile vile vilivyojengwa kwa kipimo cha kijiji cha zamani.

Jambo hili si la matofali tu. Baina ya mwenyeji aliyeuza shamba na mgeni aliyelinunua hapakosi manung'uniko. Shule ya msingi ya umma ndiyo mahali pa kwanza ambapo watoto wa wote wawili huketi dawati moja, wakafundishwa na mwalimu mmoja kwa lugha moja ya Kiswahili. Dawati likikosekana, wazazi huanza kuulizana nani alitangulia kufika. Mwenye uwezo humpeleka mwanawe shule ya kulipia, na asiye na uwezo humwacha katika darasa la watoto mia. Umoja ambao taifa hili limeujenga kwa miaka mingi hauwezi kudumu juu ya mgawanyiko wa namna hiyo.

Taifa limekwisha kupita katika njia hii mara tatu. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Watoto waliitikia, walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu huku wakifundisha. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na ada ikiwa imekwisha kufutwa, madarasa yakafurika. Mwezi Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne, na mafuriko yakajirudia. Maamuzi hayo yote yalikuwa ya haki, wala hakuna mzalendo anayetaka yatenguliwe. Kasoro ilikuwa moja: watoto walitangulia, na fedha zikafuata nyuma zikihema.

Ushahidi mwingine ni ruzuku ya uendeshaji. Mwaka 2002 ilipangwa kuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikuwa takriban shilingi 10,000. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000. Bei ya chaki, karatasi na bati haikungoja miaka yote hiyo. Mwalimu mkuu anayeambiwa asichangishe wazazi, na papo hapo akapewa fedha zisizotosha, amewekwa kati ya waraka na ukuta unaobomoka.

Yako mambo yanayothibitisha kwamba uwezo upo. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini katika muda wa miezi michache. Kazi hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo, shule haziwezi kungoja janga lingine ndipo zijengewe madarasa.

Safari hii hakuna atakayesema hakujua. Kwa mujibu wa sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10. Kwa mpangilio huo, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 vikosi viwili vitabisha hodi katika mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Katika mikoa ambayo watu wake wameongezeka sana, mzigo huo utakuwa mzito zaidi. Idadi ya watoto hao imo katika madaftari ya mahudhurio. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yapo basi mambo ambayo hayana budi kutendwa. Bajeti ya elimu ipangwe kwa kuhesabu watoto watakaokuja, si waliokwisha kuandikishwa tu. Ruzuku ya mwanafunzi ipandishwe kila bei zinapopanda. Halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka viwandani zitenge sehemu inayojulikana kwa ajili ya madarasa na nyumba za walimu, kwa sababu viwanda hivyo ndivyo vilivyowaleta wafanyakazi na watoto wao. Walimu nao wapangwe kwa kufuata kipimo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kuanzia pale pengo lilipo kubwa. Aidha, kila kitongoji kipya kinapopimwa viwanja, kiwanja cha shule kitengwe kwanza, kisilindwe kwa maneno bali kwa hati.

Watumishi wa umma na walimu wanayo sehemu yao. Ofisa mipango anayenakili takwimu za mwaka uliopita ili kumaliza kazi mapema huwanyima watoto haki yao kwa kalamu. Mwalimu mkuu anayeongeza majina hewa, au anayepunguza idadi kwa kuogopa lawama, huvuruga mgawo wa wilaya nzima. Takwimu za kweli ndizo silaha ya kwanza ya kudai fedha, na kamati za shule zina haki ya kuzisoma ubaoni.

Nchi iliyowaambia wazazi wote wawalete watoto wao shuleni imewapa ahadi. Ahadi hiyo hutimizwa siku mtoto wa mgeni na mtoto wa mwenyeji wanapoingia darasani, wakakuta dawati, kitabu na mwalimu vikiwangoja.