Lipa Anayefungua Mfuniko

MTAANI KWETU
Na Hamisi Shomvi

Dalali mjanja hakuonyeshi amplifaya ya valvu mchana kweupe. Atasubiri giza liingie, achomeke, vile vichupa vya kioo vianze kuwaka rangi ya chungwa, na hapo mteja kwisha habari yake. Bei inapangwa na mwanga huo, pamoja na jina lililoandikwa mbele. Mwanga haukwambii kitu, ndugu yangu. Kinachowaka ni waya wa kupasha joto tu, na valvu iliyochoka kabisa nayo huwaka vizuri.

Nazungumzia mali ambayo hujitokeza mara mojamoja Tandika, Mwananyamala au kwa mafundi wa Gerezani: radiogramu za kabati, redio za mezani za mbao, amplifaya za gitaa za bendi zilizokufa.

Jina kubwa hulevya. Lakini majina yanayoabudiwa leo nayo yalianza kama karakana tu. Harold Leak alifungua kampuni yake ya amplifaya London mwaka 1934. Amplifaya ya gitaa ya Vox AC30 ilitoka Dartford, Uingereza, kwenye kampuni ya Tom Jennings, mtu wa vinanda. Ndani ya AC30 mna valvu nne aina ya EL84. Ndani ya Leak Stereo 20 ya mwaka 1958 zimo nne hizohizo. Na EL84 hiyohiyo waweza kuikuta kwenye radiogramu ya Kijerumani ambayo bibi wa Magomeni anaiwekea vyombo vya sherehe juu yake. Basi nembo usiyoijua isikutishe. Tofauti kubwa iko kwenye transfoma ya kutolea sauti. Valvu mpya bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, lakini transfoma hiyo ikiungua, fundi anayesuka mota za pampu hataiweza. Matabaka yake ya waya hupishana kwa mpangilio wake.

Kigeuze chombo. Nyuma mara nyingi pana swichi ya kuchagulia volti. Cha Marekani kilitengenezewa volti 110 hadi 120. Kichomeke moja kwa moja kwenye 230 za TANESCO, utanusa jibu. Cha Uingereza huwa na nafasi kadhaa, na kikiachwa kwenye 200 kinateseka kila siku. Kisha tazama kioo cha valvu: lile doa linalong'aa kama fedha likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu hiyo imekufa. Kapasita za zamani za karatasi na nta ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Unyevu wa pwani yetu huzimaliza, zikaanza kuvujisha umeme kwenda kwenye valvu ya mwisho, bamba lake la ndani likawa jekundu, na transfoma ikafuata. Hilo huenda lisionekane kwa wimbo mmoja, na dalali atakupa wimbo mmoja. Omba saa nzima, na spika iwe imeunganishwa muda wote.

Redio ndogo za mezani zina hatari yake. Nyingi, ili zishuke bei, hazikuwekewa transfoma ya umeme kabisa. Chasisi ilishikana na waya wa ukutani. Kitufe kikiwa kimeng'oka na chuma kimebaki wazi, usikiguse. Na hata ukichomoa waya, kapasita kubwa zaweza kubaki na mamia ya volti ndani. Huu si mchezo wa kujifunzia sebuleni.

Sasa, mkusanyaji wa Ulaya akifungua chombo cha Dar atashika kichwa: kapasita ya televisheni hapa, waya wa simu pale. Yeye anataka kila kitu kiwe cha kiwandani. Hakuwapo hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, fedha za kigeni zikaadimika. Vyombo vya bendi nyingi vilikuwa vya taasisi (NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi), na mpiga gitaa hakuwa na njia ya kuagiza kipuri. Fundi alitafuta kinachofanana, dansi likapigwa Jumamosi. Kwa hiyo kiraka chenyewe hakinisumbui, nakagua mkono uliokiweka. Risasi inang'aa na waya zimelazwa vizuri, naongeza bei. Fyuzi imezungushiwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, naondoka.

Ila kuliona hilo kunahitaji mita, muda na mtu anayejua, na mtu huyo hatumlipi. Dalali tunamkatia asilimia kumi bila kubisha. Fundi aliyeinama saa mbili akipima tunampa hela ya soda. Mbaya zaidi, akisema chombo kibovu usinunue, hata kazi ya matengenezo imempotea, njaa inamshawishi aseme "kitapona hiki." Alipwe ada ya ukaguzi, kabla hajafungua mfuniko, na isirudishwe hata jibu likiwa "achana nacho." Tukinunua, aandike kwenye karatasi alichobadilisha na tarehe, aibandike ndani ya kabati kwa ajili ya fundi atakayefuata. Vijana wanaosomea umeme VETA Chang'ombe wangepata hapo kibarua cha heshima.

Mimi ada hiyo naikata kwenye asilimia kumi ya dalali, nusu kwa nusu. Madalali wawili wa Temeke hawapokei tena simu yangu.