Mbwa Mzee Naye Anastahili Kiinua Mgongo

Waswahili husema kwamba asante ya punda ni mateke. Naona kuwa methali hii imemwonea punda. Anayetaka kumjua hasa arudishaye mateke kwa hisani aliyotendewa, na azuru maboma yetu, kuanzia Kinangop hadi Kitale, atazame tunavyomfanyia mbwa aliyetulindia nyumba kwa miaka 10 au 12, pindi macho yake yanapoingia ukungu na miguu yake ya nyuma inapoanza kutetemeka.

Hapo ndipo utakapoisikia lugha ikibadilika. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kwamba mbwa, kwa kuwa ana uhai, yumo katika ngeli ya A-WA. Akiwa na nguvu zake huitwa kwa jina, Simba au Tommy, na mwenye nyumba humsifu mbele ya wageni. Akizeeka, jina humwambuka, naye hushushwa cheo kisarufi: jibwa hili limezeeka, linakula bure, litolewe hapa. Hali ya ukubwa, ambayo tunafundishwa kwamba aghalabu hubeba dharau, huwa imetimiza kazi yake. Mbwa amekuwa kitu, na kitu kikichakaa hutupwa. Kutupwa huko, kwa wengine, si tamathali ya usemi. Mbwa hupakiwa garini usiku, akaachwa sokoni au kando ya barabara kuu. Wapo wanaopewa nyama iliyotiwa sumu. Hata hivyo, wengi wetu hatuthubutu kufanya hayo. Tunapunguza tu chakula, kisha tunaiachia njaa imalizie kazi.

Askari wa usiku anapostaafu, tunasema anastahili kiinua mgongo. Neno lenyewe ni zuri mno: aliyeinama kwa ajili yetu asaidiwe kuunyoosha mgongo. Ni nani basi anayelistahili kuliko huyu ambaye asubuhi, hasa katika baridi ya Julai, hujaribu mara tatu kabla ya kusimama? Hakuwahi kudai mshahara. Alifungiwa kibandani mchana kutwa, akafunguliwa usiku, akapewa ukoko wa ugali, na kwa kubweka kwake tukalala usingizi.

Najua nitaulizwa: katika nchi ambamo watu wanalala njaa, mbwa mzee ni nani hata aandikiwe makala? Swali hili ni la haki, ila mara nyingi huulizwa na mtu ambaye mwaka jana alikuwa na makombo ya kumpa mbwa yuyo huyo. Makombo hayakuwa adimu kwa sababu mbwa amezeeka. Kilichopungua ni faida. Wala siombi mbwa alazwe kochini na kuvalishwa sweta. Anayetaka kufanya hivyo na afanye kwa fedha zake.

Kuna pia wanaojikinga kwa dini, ilhali kutomweka mbwa ndani ya nyumba kwa ajili ya tohara ni jambo moja, na kumtesa ni jambo jingine kabisa. Hadithi mashuhuri ya Mtume inamsimulia mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Katika fasihi yetu, msomaji wa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert atakumbuka kwamba Adili, pamoja na uadilifu wake wote, aliitwa kujieleza mbele ya Mfalme Rai kwa sababu ya kuwapiga manyani wawili. Katika kisa kinachofanana nacho cha Alfu Lela Ulela, wanaopigwa ni mbwa.

Kiinua mgongo hiki basi ni nini? Kwanza ni mahali pakavu pa kulala. Sakafu ya saruji humwumiza mnyama mwenye ugonjwa wa viungo. Mbao chache zilizoinuliwa kidogo kutoka chini, na magunia mawili juu yake, hutosha. Pili ni chakula laini. Meno ya mbwa mzee huwa yameoza au yametoka, kwa hiyo ugali uloweshwe kwa mchuzi usio na chumvi wala vitunguu, utiwe omena au matumbo yaliyokatwa vipande vidogo. Mifupa iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vikali ambavyo vinaweza kumtoboa utumbo. Maji yasikatike, maana figo za uzeeni huhitaji maji mengi, na anayemnyima mbwa maji ili asikojoe ovyo anaziharibu zaidi. Kucha nazo zikatwe, kwa kuwa asiyekimbia tena hawezi kuzisugua ardhini zikapungua.

Ukungu wa samawati unaoonekana katika macho ya mbwa wengi wazee si lazima uwe mtoto wa jicho; mara nyingi ni lenzi iliyokomaa kwa umri, na bado anaona vya kutosha kukufuata shambani. Aliyeziba masikio asiguswe ghafla akiwa usingizini. Kanyaga ardhi kwa kishindo karibu naye ili ahisi mtikisiko kwanza, na watoto wafundishwe hivyo, kwani mbwa mpole kabisa anaweza kuuma kwa kushtuka.

La kuogopwa zaidi ni huruma isiyo na maarifa. Mtu humwona mbwa wake akichechemea, akampa vidonge vya maumivu vilivyobaki nyumbani. Ibuprofen na diclofenac, ambazo sisi humeza bila kufikiri, zinaweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kuziua figo zake. Na mbwa jike ambaye hakufungwa kizazi, akikataa chakula na kunywa maji kupita kiasi wiki chache baada ya kuwa katika joto, huenda usaha umejaa katika mji wake wa mimba. Hilo ni la kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, si la kungojea siku ya soko.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iendelee hata uzeeni. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu miongoni mwa binadamu ifikapo mwaka 2030; kila mbwa asiyechanjwa anayetupwa sokoni anaurudisha nyuma mpango huo. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, imekwisha kulifanya kosa jambo la kumnyima mnyama chakula au kumtelekeza ateseke. Sheria tunayo.

Yule mbwa mdogo anayeletwa kushika zamu asilishwe katika sahani moja na mzee, kwani atampokonya kila siku, nasi tutadai kuwa mzee amekataa kula.

Na ikifika siku ambayo maumivu yamezidi, hali wala hageuki mwenyewe, aitwe daktari ampumzishe kwa sindano, na anayempenda ashike kichwa chake. Azikwe shambani, mbali na kisima, katika shimo refu wasilofukua mbwa wenzake. Watoto nao waambiwe kweli. Katika maboma mengi umri wa mbwa huhesabiwa kwa madarasa yao: aliletwa fulani akiwa darasa la pili. Fulani huyo, ambaye sasa ana ndevu, hawezi kuambiwa kwamba ametoroka mnyama ambaye wiki nzima alishindwa kufika langoni.